Maswali ya Lugha: Kitenzi cha Kiingereza "demote" na jamaa zake

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinazunguka jambo moja, yaani namna Kiingereza kinavyosema kwamba mtu au kitu kimeshushwa kutoka ngazi ya juu hadi ya chini. Nimezikusanya pamoja, na ninaanza na ile ambayo jibu lake lina haraka kuliko nyingine.

Swali: Mwalimu, salaam. Mimi ni karani wa masijala katika ofisi moja hapa Dodoma. Nilipewa barua ya Kiingereza niifasiri kwa faida ya mtumishi aliyeandikiwa, na ndani yake kulikuwa na sentensi hii: "You are hereby demoted from Senior Accountant to Accountant with effect from 1st July." Nikaandika kwamba ameshushwa cheo. Mwenzangu akasema kitenzi hicho maana yake ni kuondolewa kazini, na yule mtumishi akatoka ofisini akiamini kwamba amefukuzwa. Nani kati yetu yuko sahihi, na kitenzi hiki hutumikaje?

Jibu: Ndugu msomaji, wewe ndiye uliye sahihi, na ningeomba mtumishi huyo aelezwe hivyo mapema iwezekanavyo, kwa sababu kati ya kushushwa cheo na kufukuzwa kazi ipo tofauti inayogusa riziki ya mtu na ya wote wanaomtegemea. "Demote" ni kumtoa mtu katika cheo alichokuwa nacho na kumweka katika cheo cha chini zaidi ndani ya taasisi ileile. Mtu huyo bado ni mtumishi, bado jina lake limo katika orodha ya malipo, na kesho asubuhi anatakiwa kuripoti kazini kama kawaida. Kilichobadilika ni mahali anaposimama katika ngazi ya vyeo.

Ili kitenzi hiki kikae sawasawa, lazima kuwe na vyeo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kuwe na mwenye mamlaka ya kumpandisha na kumshusha mtu, na mhusika mwenyewe awe amebaki ndani baada ya uamuzi. Sharti hili la mwisho ndilo mwenzako alilolisahau. Mtu aliyetolewa kabisa "hademotiwi", kama vijana wa maofisini wanavyopenda kusema. Huyo amefukuzwa, na Kiingereza kina vitenzi vingine vya kulieleza hilo, kama vile "dismiss", "sack" na "fire".

Ushahidi mzuri wa tofauti hiyo umo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Ibara ya 236, inayomlinda mtumishi wa umma, inasema kwa Kiingereza kwamba mtumishi huyo hatakuwa "dismissed, removed from office, demoted in rank" wala kuchukuliwa hatua nyingine yoyote ya kinidhamu bila utaratibu wa haki wa kisheria kufuatwa. Waandishi wa sheria hawapangi maneno matatu mfululizo kwa ajili ya kupamba sentensi. La kwanza ni kufukuzwa kazi, la pili ni kuondolewa katika wadhifa, na la tatu ni kushushwa cheo, na kila moja linalindwa kwa nafsi yake. Huku kwetu Tanzania nako, kanuni za utumishi wa umma zinatenganisha adhabu ya kufukuzwa kazi na ile ya kushushwa cheo, na tena zinatenganisha kushushwa cheo na kupunguziwa mshahara.

Hilo la mshahara nalisisitiza, kwa kuwa watu wengi huliona ndani ya neno wakati halimo. "Demote" peke yake haisemi lolote kuhusu fedha. Mara nyingi cheo kikishuka mshahara nao hushuka, lakini hiyo ni habari ya masharti ya ajira na ya barua yenyewe, si ya maana ya kitenzi. Kama barua uliyoifasiri haikutaja mshahara, basi tafsiri yako nayo isiutaje, na mtumishi aulize kwa maandishi.

Tuitazame sasa sentensi yenyewe, kwa maana kila neno ndani yake lina kazi. "Hereby" ina maana ya "kwa barua hii", nayo inaonyesha kwamba barua haitoi onyo wala haielezi kusudio la baadaye, bali ndiyo yenyewe inayotekeleza uamuzi. "From" na "to" zinataja cheo cha kutokea na cheo cha kufikia, na ukiona barua ya aina hii imetaja kimoja tu ujue imeacha jambo la msingi. "With effect from" inaweka tarehe ambayo uamuzi unaanza kufanya kazi, ambayo si lazima iwe tarehe ya barua. Ningeifasiri hivi: "Kwa barua hii unashushwa cheo kutoka Mhasibu Mwandamizi kuwa Mhasibu, kuanzia tarehe 1 Julai." Angalia pia kwamba Kiingereza kimetumia kauli ya kutendwa na hakikumtaja aliyeshusha, na Kiswahili nacho kinaruhusu hivyo. Katika barua ya nidhamu, hata hivyo, mimi naona ni haki mamlaka iliyoamua itajwe kwa jina mahali fulani ndani ya barua, ili mtu ajue rufaa yake aipeleke wapi.

Yako makosa ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili huyafanya tunapokitumia kitenzi hiki, na chanzo chake ni lugha yetu wenyewe. Sisi husema "walimshusha cheo", ambapo kitenzi "kushusha" hakijitoshelezi mpaka neno "cheo" litajwe, kwa sababu hata mzigo hushushwa na hata bei hushushwa. Kiingereza kimekwisha kukitia cheo ndani ya kitenzi. Kwa hiyo "They demoted his rank" si sentensi nzuri, inatosha kusema "They demoted him", na ukitaka kutaja cheo alichofikia unaongeza "to": "They demoted him to corporal." Shamirisho ya kitenzi hiki ni mtu, na cheo hufuata nyuma ya kihusishi. Hiyo "demoted in rank" ya Katiba ya Kenya ni namna ya kisheria ya kufunga mlango wa mabishano, na katika maandishi ya kila siku "in rank" unaweza kuiacha bila hasara.

Kosa jingine ni kuchanganya "demoted" na "demotivated". La pili linatokana na "motivate" na linamhusu mtu aliyevunjika moyo au aliyekosa ari ya kazi. Nimesoma ripoti ya ofisi moja, ambayo siitaji, iliyosema walimu wote wa shule fulani walikuwa "demoted" kwa sababu nyumba zao zilikuwa mbovu. Aliyeandika alikusudia kusema kwamba walikata tamaa, na msomaji wa Kiingereza angejiuliza shule nzima imefanya kosa gani hata ikaadhibiwa kwa pamoja.

Kuna pia "step down", ambayo kwa masikio ya Mswahili inaelekea kuwa kushuka cheo kwa hiari. Sivyo. Mkurugenzi aliyefanya "step down" ameachia ngazi, yaani amejiuzulu, na hapa Kiswahili na Kiingereza vimekutana kwa taswira ileile ya mtu na ngazi bila kupatana na "demote" hata kidogo. Mtu akiomba mwenyewe apewe cheo cha chini na akabaki kazini, pengine kwa sababu ya afya au ya kuuguza mzazi, Kiingereza husema "voluntary demotion".

Kwa wanaopenda kujua asili ya maneno, "promote" ni ya zamani sana na imetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kusogeza mbele. "Demote" ni changa. Ilizaliwa Marekani katika miongo miwili ya mwisho ya karne ya 19, pale watu walipochukua "promote", wakaondoa kiambishi "pro" na kuweka "de" chenye maana ya kuelekea chini. Kabla ya hapo Waingereza walisema "degrade" au "reduce", na mpaka leo askari wa Uingereza aliyeshushwa hadi kuwa askari wa kawaida husemwa amekuwa "reduced to the ranks". Mkazo wa neno uko kwenye silabi ya pili, kinyume na mazoea yetu ya kukazia silabi iliyo kabla ya ile ya mwisho: tamka "di" kwa wepesi, kisha ukazie "mout". Nomino yake ni "demotion".

Swali: Mwalimu, nafanya kazi ya kufasiri habari katika kituo cha redio Dar es Salaam. Kila mara zinatufikia taarifa kwamba uteuzi wa kiongozi fulani umetenguliwa na kwamba atapangiwa kazi nyingine. Je, naweza kuandika kwa Kiingereza kwamba kiongozi huyo amekuwa "demoted"? Na kaimu aliyerudishwa kwenye nafasi yake ya zamani je?

Jibu: Usiandike hivyo, ndugu yangu, mpaka uijue hiyo kazi nyingine ni ipi. Kutengua uteuzi ni kuufuta uteuzi wenyewe, na Kiingereza chake ni "revoke the appointment". Taarifa inayosema mtu atapangiwa kazi nyingine haijasema kama kazi hiyo iko chini, iko sawa au iko juu ya ile ya kwanza, na mwandishi wa habari akiweka "demoted" anakuwa ametoa hukumu ambayo mamlaka haikuitoa. Sentensi salama ni ya kusema kwamba uteuzi umefutwa na kwamba mhusika "will be assigned other duties". Siku atakapopangiwa na ikaonekana wazi kwamba kazi mpya iko chini, hapo kitenzi chetu kinaruhusiwa. Waziri aliyefanywa naibu waziri ameshushwa bila ubishi. Waziri aliyehamishwa kutoka wizara moja hadi nyingine hajashushwa, hata kama mitaani watu wanaiona ile wizara ya pili kuwa ndogo; huyo amehamishwa tu, na Kiingereza huyaita mabadiliko hayo "reshuffle".

Habari ya kaimu inahitaji uangalifu zaidi. Kaimu amekishika cheo kwa muda huku cheo chake halisi kikiwa kinamsubiri. Muda ukiisha anarudi, na kitenzi cha Kiingereza kinachofaa ni "revert": "She reverted to her substantive post." Kusema ameshushwa ni kumwonea, kwa kuwa hakuwahi kupandishwa. Historia ya kijeshi ina mfano unaojulikana sana. George Armstrong Custer alikuwa jenerali wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865, akiwa na cheo cha muda cha wakati wa vita. Vita vilipokwisha, na majeshi ya kujitolea yakavunjwa, alirudi katika cheo chake cha kudumu cha kapteni. Anayesoma mistari hiyo miwili tu hudhani kwamba palitokea kosa kubwa na adhabu, kumbe hapakuwa na adhabu yoyote katika jambo hilo. Utaratibu wa vyeo vya muda ulifikia kikomo, naye kama maofisa wengi wenzake akarejea alipotoka.

Nikuongezee jambo moja utakalolikuta magazetini. Wakati mwingine mtu huachiwa jina la cheo chake, ofisi yake na hata gari lake, lakini kazi zote za maana akanyang'anywa na kupewa mtu mwingine. Kiingereza husema mtu huyo amekuwa "effectively demoted", yaani kwa hali halisi ameshushwa ingawa kwenye karatasi hajashushwa. Hilo neno "effectively" ndilo linalobeba uaminifu wa sentensi nzima. Usilifute kwa ajili ya kubana nafasi ya habari, maana ukilifuta umetangaza uamuzi rasmi ambao haupo.

Swali: Mwalimu, salamu kutoka Mombasa. Mimi ni mtangazaji wa michezo. Timu ikishuka daraja tunasema "relegated". Mbona wakati mwingine nasoma "demoted"? Ni kitu kimoja?

Jibu: Ni swali zuri, na Kiswahili kina jibu lake tayari mkononi. Sisi tunatofautisha "timu imeshuka daraja" na "timu imeshushwa daraja". Ya kwanza imeshuka kwa matokeo yake yenyewe uwanjani, kwa kuwa pointi hazikutosha. Ya pili imeshushwa na chombo chenye mamlaka kwa sababu ya kosa, hata kama uwanjani ilifanya vizuri. Najua magazetini Kenya hutumika pia "kushushwa ngazi" kwa hali zote mbili, nami silipingi hilo, lakini anayetaka kueleza tofauti hiyo anayo nafasi ya kuieleza.

Leicester City walichukua ubingwa wa Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2016, na mwaka 2023 wakawa miongoni mwa timu tatu za mkiani ambazo kila msimu hushuka. Hao walikuwa "relegated", na hakuna mwandishi makini atakayeandika "demoted", kwa sababu hapakuwa na kikao kilichoketi kuwaadhibu. Sasa walinganishe na Juventus. Katika msimu wa 2005/06 Juventus walimaliza wakiwa kileleni mwa ligi ya Italia. Kisha ikafichuka kashfa ya viongozi wa klabu kadhaa kushawishi upangaji wa waamuzi. Juventus wakavuliwa ubingwa, wakapelekwa Serie B, yaani daraja la pili, na wakaanza msimu uliofuata wakiwa wamekatwa pointi. Timu iliyomaliza ya kwanza haiwezi kuwa imeshuka, ilishushwa. Magazeti ya Kiingereza yalitumia vitenzi vyote viwili kwa kisa hicho, na hilo ndilo linalokuchanganya, lakini "demoted" ndiyo iliyosema kweli zaidi kwa sababu ndani yake mna uamuzi wa mwenye mamlaka. Juventus wenyewe walirudi Serie A baada ya msimu mmoja.

"Relegate" ina historia yake ndefu. Kwa Warumi wa kale ilikuwa adhabu ya kumpeleka mtu mbali na mji, akakae mahali alipoamriwa, bila kumnyang'anya uraia wake. Harufu ya kutengwa haijalitoka neno hilo mpaka leo, ndiyo maana nje ya michezo hutumika kwa jambo lililosogezwa pembeni lisipate kuonekana: hoja nzito iliyotupwa katika ukurasa wa mwisho wa ripoti, au mchezaji nyota aliyewekwa benchi. Huyo wa benchi ni "relegated to the bench", wala si "demoted", isipokuwa kama alikuwa nahodha na kitambaa akapewa mwingine.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kigoma. Katika kamusi nimeona "degrade" na "downgrade" zote zikielezwa kuwa ni kushusha hadhi. Naweza kutumia yoyote ninayotaka mahali pa "demote"?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usifanye hivyo, hasa kwa "degrade", kwa sababu unaweza kusema jambo zito kuliko ulilokusudia.

Zamani "degrade" ilikuwa ndiyo hasa ya kumvua mtu cheo, na mara nyingi hadharani. Kisa kinachotajwa mno ni cha kapteni Mfaransa mwenye asili ya Kiyahudi, Alfred Dreyfus, aliyehukumiwa mwishoni mwa mwaka 1894 kwa uhaini ambao hakuutenda. Tarehe 5 Januari 1895 alisimamishwa katika uwanja wa chuo cha kijeshi cha Paris mbele ya wanajeshi waliopangwa kwa safu, na nje ya uzio umati ukimzomea. Askari mmoja akamng'oa alama za cheo na vifungo vya koti kimoja baada ya kingine, kisha akauchukua upanga wake na kuuvunja. Dreyfus alipaza sauti kwamba hana hatia. Akapelekwa kufungwa katika kisiwa kimoja karibu na pwani ya Guyana ya Ufaransa, na haikuwa mpaka mwaka 1906 ndipo hukumu ilipofutwa na yeye akarudishwa jeshini akiwa meja. Zingatia kwamba siku ile ya Januari hakushushwa kutoka ukapteni hadi uluteni. Alivuliwa vyote. Kiswahili nacho kinajua tofauti hiyo: kushushwa cheo ni kubaki na cheo kilicho chini, kuvuliwa cheo ni kubaki bila cheo.

Kutoka kwenye matukio ya namna hiyo, neno lilizidi kuegemea upande wa aibu kuliko upande wa cheo. Leo "degrade" kwa mtu ni kumdhalilisha. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 5, linakataza "degrading treatment", na Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 13, inalieleza jambo lilelile kwa Kiswahili kizuri sana inapokataza adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha mtu. Kwa hiyo ukiandika kwamba mkuu wa shule "degraded" kiranja, msomaji ataelewa kwamba alimtukana au alimfanyia jambo la kumwondolea utu. Kama alimtoa kwenye ukiranja mkuu na kumfanya kiranja wa darasa, sema "demoted". Kwa vitu, "degrade" ni kuharibika polepole: ardhi iliyochoka kwa kulimwa na kulishwa mifugo bila kupumzishwa ni "degraded land".

"Downgrade" haina makali hayo. Hutumika zaidi kwa vitu, huduma na viwango vilivyopimwa na kupewa daraja. Agosti 2011 kampuni ya Standard & Poor's ilishusha kiwango cha kukopesheka cha Marekani kutoka AAA hadi AA+, na hilo lilikuwa "downgrade". Kimbunga kilichopungua nguvu kikawekwa katika kundi la chini ni "downgraded". Abiria wa ndege aliyelipia daraja la biashara akaketishwa daraja la kawaida naye ni "downgraded", maana kiti chake ndicho kilichoshuka na yeye si mwajiriwa wa shirika la ndege hata ashushwe cheo.

Swali: Nilikuwa admin wa kundi la WhatsApp la ukoo wetu, nikaondolewa uadmin lakini sikutolewa kwenye kundi. Je, mimi ni "demoted"?

Jibu: Ndiyo. Ulikuwa na cheo, mwenye mamlaka akakiondoa, nawe umebaki ndani ukiwa mwanachama wa kawaida. Kitufe chenyewe kwa Kiingereza kimeandikwa "Dismiss as admin", na watu wengi hushtuka kwa kuona "dismiss", lakini yasome maneno yote matatu pamoja: umeachishwa kazi ya uadmin, hukufukuzwa kundini. Mtu akitolewa kundini kabisa, neno lake ni "removed".

Swali: Mwalimu, nafundisha sayansi Eldoret. Kitabu cha Kiingereza kinasema sayari ya Pluto ilikuwa "demoted" mwaka 2006. Umetufundisha zamani kwamba kitenzi hiki ni cha watu wenye vyeo. Pluto ina cheo gani?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, Pluto ilikuwa na cheo kweli, kwa sababu kuitwa sayari kulikuwa kumekwisha kuwa cheo. Iligunduliwa mwaka 1930 na Clyde Tombaugh huko Arizona, Marekani, na kwa zaidi ya miaka 70 vitabu vya shule duniani kote vikaihesabu kuwa sayari ya tisa. Tarehe 24 Agosti 2006 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, uliokutana Prague, ulipiga kura kuhusu maana ya neno sayari. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba sayari iwe imesafisha eneo la njia yake ya kulizunguka Jua, na Pluto, ambayo inapita katika njia yake ikiwa pamoja na magimba mengine mengi, haikulitimiza. Ikawekwa katika kundi jipya la sayari kibete.

Hapo utaona kwamba yale masharti niliyomweleza msomaji wa Dodoma yalipatikana: palikuwa na madaraja, palikuwa na chombo chenye mamlaka, na Pluto haikutoka popote, bado inazunguka Jua kama siku zote. Waandishi wa habari wakaona "demoted" inafaa, na umma ukaipokea kwa uchungu wa kweli. Mwanzoni mwa Januari 2007 Chama cha Lahaja cha Marekani kilichagua "plutoed" kuwa neno la mwaka 2006, likiwa kitenzi chenye maana ya kushushwa cheo au kupunguziwa thamani. Neno hilo halikuishi sana midomoni mwa watu, nami sioni sababu ya kuwafundisha wanafunzi walitumie katika insha.

Hata hivyo, kwa darasa la sayansi mimi ningependelea "reclassified", yaani kuwekwa katika kundi jingine. "Demoted" inampa mtoto picha kwamba Pluto ilikosea au kwamba haistahili tena kuchunguzwa, wakati kilichobadilika ni vigezo vya wanaastronomia. Wape pia kisa cha Ceres ili waone jambo lenyewe kwa upana. Ceres iligunduliwa mwaka 1801 na Giuseppe Piazzi huko Palermo, ikahesabiwa kuwa sayari kwa miongo kadhaa, kisha magimba mengine yalipogunduliwa jirani yake ikahesabiwa kuwa asteroidi. Katika kikao kilekile cha Prague kilichoitoa Pluto kwenye orodha ya sayari, Ceres ilitolewa miongoni mwa asteroidi za kawaida ikawekwa pamoja na Pluto katika kundi la sayari kibete. Kura ileile, siku ileile, mmoja akawa "demoted" na mwenzake akawa "promoted", nao wakakutana katikati. Waambie wanafunzi waandike sentensi mbili za Kiingereza, moja ya Pluto na moja ya Ceres, kila moja ikiwa na "from" na "to" mahali pake.